Muhuri Wenye Tembo

Jina lake silitaji, na hata nikilitaja hakuna mtu Bunju atakayejua namsema nani. Kwetu alikuwa Mjumbe, wa nyumba zetu kumi. Mkewe mwenyewe alimwita Mjumbe, tena akiwa jikoni anamwulizia kibiriti. Habari za alikozaliwa nitaziruka, maana alizisimulia katika kila kikao, na kila kikao alizaliwa mkoa tofauti. Nitasema yale niliyoyaona kwa miaka kumi na tisa ya ujirani, mlango wa tatu kutoka kwake, mimi na cherehani yangu, na hasa miezi ile michache niliyokuwa katibu wake.

Ninalo daftari lake moja. Ndani yake kuna ukurasa ambao kwa miaka kadhaa haukusainiwa, na miaka yote hiyo ulinikaa kooni. Ningependa kuanza na huo nimalize. Lakini najua yeye angesema nini: bado.

"Bado" ndilo lilikuwa neno lake. Ukienda kuomba barua ya utambulisho, iwe ya kitambulisho, ya benki au ya kumwombea mtoto shule, ulikaribishwa vizuri sana, ukaketishwa barazani, ukaeleza shida yako. Mjumbe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, halafu akakurudishia shida yako kwa Kiswahili fasaha mpaka ukaanza kutilia shaka kama kweli ni ya kwako. Ukishakubali kwamba ni yako, ndipo aliposema, "Bado, Fundi. Kuna utaratibu." Utaratibu ulihitaji majirani wawili wakutambue, hata mimi niliyekaa hatua thelathini kutoka kwake. Majirani wakishakutambua, uje kesho. Kesho miwani inafutwa upya. Kuna mwanamume wa nyumba ya nane aliomba barua ya kwenda kufunga ndoa. Alipoipata, mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa. Mjumbe hakuona haya. Aliongeza kwa mkono wake, "pamoja na mtoto."

Alikuwa karani mstaafu wa ofisi moja ya serikali ambayo nayo ilishastaafu. Aliondoka na mambo matatu: koti la suti alilolivaa juu ya singlendi hata wakati wa joto la Desemba, mapenzi ya karatasi, na imani kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Mihutasari ya vikao vyake ilisainiwa na watu wawili, mwenyekiti na katibu. "Ukurasa usio na saini mbili," alikuwa akisema, "ni porojo." Ukimletea ugomvi wa kuku au wa maji ya karai yaliyomwagwa mlangoni kwa mtu, aliuliza kwanza kama umeandikwa. Haujaandikwa? Basi mmeota.

Kitu kimoja kilimuuma: mjumbe hana muhuri. Muhuri uko ofisi ya serikali ya mtaa, na pale ofisini kuna watu waliozaliwa wakati yeye tayari ana kabati la mafaili. Akavumilia weee, mwisho akapanda gari mpaka Mwenge, kwa wachongaji vinyago. Mchongaji akamwuliza anataka mnyama gani. Mjumbe akajibu hataki mnyama, anataka muhuri. Jamaa akachonga muhuri wa mpingo, mzuri kwelikweli, na katikati akaweka tembo, kwa kuwa mkono ulishazoea. Isitoshe, maandishi yalitoka kinyumenyume. Miezi minane barua zetu zilisomwa kwa kioo. Tulipolalamika, Mjumbe alisema ni kwa sababu za kiusalama. Muhuri wa pili ulitoka maandishi sawasawa, ila tembo akabaki, maana kufikia hapo hata maofisa wa mtaa walikuwa wanamwulizia. Barua isiyo na tembo ilirudishwa kama ya kughushi.

Muhuri huo aliufungia ndani ya kopo la maziwa ya unga lililotiwa kufuli, na ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Alioga nao.

Nisije nikamchora mtu wa kuchekwa tu. Mwaka mmoja masika yaliingia ndani kwangu mpaka kwenye godoro, na mume wangu alikuwa ametoka kufariki, sina hata nguvu ya kulia. Asubuhi nikamwona Mjumbe mlangoni, suruali imekunjwa magotini, ana ndoo. Alichota maji mpaka adhuhuri, hakusema neno, yeye ambaye hata kuomba chumvi alianza na "ndugu wajumbe." Alipomaliza nikamwambia, "Mjumbe, hili nitaliandika." Akashtuka kabisa. "Usiandike. Hiyo siyo kazi ya mjumbe. Mie sikuwepo hapa." Kwa hiyo kwa utaratibu wake mwenyewe, wema wake wote haukutokea.

Alikuwa na presha, na dawa zake alizimeza siku ya kupimwa tu, ili asimwaibishe daktari. Mkewe, mwanamke wa Pwani mwenye ulimi usio na breki, alimwambia mbele yetu, "Siku moja itakuangusha hiyo presha, na mie sitaki kuandikiwa barua." Mjumbe alitabasamu. Presha yake, alisema, ipo chini ya usimamizi.

Ugonjwa wa dunia ulipoingia, Mjumbe alichanua. Nasema kwa heshima zote. Kuna wiki redio ilisema upo, kuna wiki ikanyamaza, na watu wakawa hawajui wauogope au waucheke. Yeye hakutaka mashaka. Aliita kikao akatangaza kwamba kwa wengine hajui, lakini nyumba zake kumi zinao, kwa hiyo zinahitaji kamati.

Kamati ilikuwa na watu sita na ndoo moja yenye koki. Nilichaguliwa katibu kwa sababu nilikuwa na miwani. Ndoo iliwekwa kwenye kona ya kuingilia, na kila apitaye alitakiwa anawe kwa sabuni, kisha ajiandikishe kwamba amenawa, kwa kalamu ya Mjumbe iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari. Watu wote wa mtaa walinawa mikono vizuri, halafu wakashika kalamu ile ile. Nikamwambia, "Mjumbe, hii kalamu nayo inanawa lini?" Akawaza sana. "Kalamu," akasema, "ni mali ya ofisi."

Alikata fimbo ya urefu wa mita moja, akawa anatutenganisha nayo kwenye foleni ya maji. Ukisogea, unachomwa ubavu. Lakini Ijumaa jioni ilikuwa siku ya nyungu. Sufuria la mwarobaini, mchaichai na malimao lilichemshwa uani kwake, kamati nzima ikainamia, blanketi moja likatufunika sote sita, vichwa vimegusana, tunapumuliana usoni kwa ajili ya afya. Tukitoka humo tumelowa, wekundu wa macho, Mjumbe anaokota fimbo yake. "Mita moja, ndugu wajumbe. Mita moja."

Barakoa nilizishona mimi, za vitenge. Ya kwanza niliyompelekea aliirudisha, ni ndogo, haina hadhi. Basi nikamshonea nyingine: mikunjo miwili, bitana ndani, inaanzia chini ya macho inaishia chini ya kidevu, na mpira mpana nyuma wa kuishikilia. Ulichobaki ukikiona ni miwani. Hakuivua mbele za watu hata mara moja. Wakati wa chai aliinua kona yake, akaingiza kikombe, akaishusha. Niliishona kwa fahari, na hilo pia nataka lijulikane.

Kisha akaja na kibali. Hakuna mgonjwa wa nyumba zake kumi aliyeruhusiwa kutoka bila kibali cha Mjumbe, ili tusisafirishe maradhi bila kumbukumbu. Fomu zilichapwa kwenye duka la stesheneri barabarani, zikasema hivi: mimi Mjumbe namruhusu fulani kutoka, kwa kuwa ana changamoto ya kupumua. Nafasi ya kujaza ilikuwa moja tu, ya jina.

"Na aliyevunjika mguu?" niliuliza.

"Aliyevunjika mguu hajaomba."

Waendesha bajaji wa kijiweni walimtii, kwa kuwa ndiye aliyewapigania wakapata kituo chao. Aliwaambia wasimbebe mgonjwa bila karatasi yenye tembo, na hawakubeba. Tulicheka, tukakubali. Hapa ndipo kosa letu lilipo. Tulimwona kituko, na bado tulifanya kila alichosema, mpaka tukawa hatuwezi tena kufanya kisichosemwa.

Jumamosi moja asubuhi kikao kilikuwa barazani kwake, ajenda ikiwa wizi wa koki ya ndoo. Mjumbe alifungua, mimi naandika. Alikuwa anatukumbusha historia ya koki tangu kununuliwa kwake, mara sentensi zake zikaanza kwenda kombo. Hatukushangaa. Kwa kawaida theluthi moja ya hotuba zake hatukuielewa, na kwenye mambo mazito alikuwaga anahamia Kiingereza bila kuaga. Tukadhani ndiyo safari hiyo. Kalamu ikamtoka mkononi. Kwa kuwa aliagiza kila tukio liandikwe na saa yake, nikaandika: "Saa 3:10. Mwenyekiti ameangusha kalamu. Kikao kinaendelea."

Kikao kweli kiliendelea. Aliunguruma nyuma ya ile barakoa, sisi tukaitikia kwa vichwa. Mzee wa nyumba ya tano alisema anaunga mkono hoja. "Saa 3:35. Mwenyekiti ameegemea upande wa kulia." Mwandiko ni wangu, mzuri, wala haukutetemeka. Alipoendelea kuegemea mpaka bega likagusa ukuta na fimbo ya mita ikadondoka, ndipo tukajua anaumwa.

"Ndiyo yenyewe hiyo," akasema mzee wa nyumba ya tano akirudi nyuma mita moja, halafu mita kumi. "Imempata Mjumbe."

Hakuna aliyeuliza ni nini. Mwaka ule ukiumwa chochote ulikuwa na kitu kimoja. Wakakimbilia sufuria. Mkewe alikuwa sokoni. Moto ukawashwa jikoni kwake bila yeye, maji yakachemka, tukamfunika Mjumbe blanketi juu ya kiti pale pale, watu wawili wamemshika mabega asianguke ndani ya mvuke. "Saa 3:50. Nyungu imeanza. Saa 4:30. Nyungu imekwisha, Mwenyekiti hajaonyesha nafuu." Dakika arobaini, na yeye humo ndani anatoa sauti, na sisi nje tunamwambia, "Vuta pumzi, Mjumbe, vuta."

Akaitwa mwenye bajaji, mtu mzima, baba wa watoto wanne, anayempenda Mjumbe kuliko baba yake. Alifika saa tano kamili, akasimama na funguo mkononi, akaangalia chini.

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nani?" nikamwambia. "Mgonjwa ndiye mwenye kutoa kibali."

"Mie naelewa, Fundi. Ila yeye mwenyewe ndo alisema hata akiwa mama yake mzazi. Nikimbeba bila karatasi, akipona ataniuliza."

Na sisi tukaona ana hoja! Watu wazima tukasimama pale tukaona ana hoja. Nikachukua fomu, nikajaza jina lake, nikamwekea kwenye goti, nikampa kalamu mkono wa kulia ili asaini ruhusa yake mwenyewe. Ikaanguka. Nikaiokota nikamshikisha tena, nikavibana vidole vyake kwa vidole vyangu. Ikaanguka. Yalikuwa yananitazama macho yake, juu ya kile kitenge, na nilidhani yananihimiza. Nikaokota mara ya tatu. Ilipoanguka nikafikiri labda mpira wa barakoa unambana hewa, nilivyoukaza mwenyewe, nikamvua.

Mdomo ulikuwa umeshuka wote upande mmoja. Mate yameloweka bitana yangu mpaka kifuani. Mama yangu mzazi aliondoka hivyo hivyo, mdomo vilevile, na ningeuona kwa Mjumbe saa tatu na dakika kumi kama usingekuwa umefunikwa na kazi ya mikono yangu. "Ni kiharusi," nikasema. "Jamani, siyo kifua. Huyu amepigwa na kiharusi."

Ungedhani hapo tulikimbia. Tulianza kutafuta ufunguo wa kopo.

Mkewe alitukuta tumemzunguka mumewe tunahangaika na fundo la kamba ya kiatu shingoni. Alidondosha kapu. "Mnamfanyaje?"

"Muhuri, Bi Mkubwa. Dereva hawezi..."

"Mume wangu anakufa mie nisubiri tembo?" Akaingia jikoni akatoka na kisu, akaikata kamba kwa mkupuo mmoja, nikafikiri anakata shingo. Akafungua kopo, akaugonga muhuri kwenye fomu, na kwa hasira akaugonga pia kwenye kiti cha bajaji. "Haya, huyo tembo wako! Mpakieni!" Saini nilighushi mimi. "Saa 5:20. Kibali kimetolewa." Ndiyo, niliandika na hilo. Nikaenda na daftari kwapani bila hata kujua nimelishika.

Hospitali kubwa tuliyofika sitaitaja, na sina la kuwalaumu. Walikuwa wamevaa manailoni mwili mzima kwenye joto lile, wanakufa na kuishi kama sisi. Getini mlinzi akatupima joto, akaisoma karatasi, akatuelekeza kwenye hema la upande wa kushoto, la wenye shida ya kupumua.

"Kaka yangu, huyu ni kiharusi," nikamwambia. "Tazama mdomo."

"Mama, hapa imeandikwa kupumua."

"Ndiyo, lakini fomu haina..."

"Na muhuri umegongwa." Akaisogeza karibu na macho. "Mpaka tembo yupo."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga. Miaka yote Mjumbe alitaka serikali iuheshimu muhuri wake, na siku ilipouheshimu ilimpeleka pasipo pake. Tuliingia hemani saa 6:40, ndipo nilipoligundua daftari kwapani, nikaandika na ya getini. Watu wanakohoa kila upande, sisi tumemlaza kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Bibi yule hakumwita Mjumbe tena. Alimwita kwa jina lake, kwa sauti ndogo, mara nyingi, na ndiyo siku pekee niliyolisikia.

Daktari alitufikia saa nane na nusu, binti mdogo wa umri wa mwanangu, macho tu ndiyo yanaonekana. Akaunyanyua mkono wa kulia wa Mjumbe, akauachia, ukaanguka. Akamwambia atabasamu. Akageuka kwetu kwa ukali. "Nani amemleta huku? Hii ilianza saa ngapi?"

Mkewe akanitazama mimi. Akarudia, akisema hilo ndilo swali la kwanza na hakuna ndugu wa mgonjwa anayelijibuga. Nikampa daftari.

Aliposoma mstari wa kwanza aliniangalia kama mtu aliyepewa zawadi. "Saa tatu na kumi! Mmeandika!" Kisha kidole chake kikaanza kushuka. Kalamu imeanguka. Kikao kinaendelea. Ameegemea kulia. Nyungu imeanza. Nyungu imekwisha. Kalamu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kibali kimetolewa. Getini. Kidole kilipofika chini akabaki amekiweka pale.

"Mama, haya mmeyaandika nyie wenyewe?"

"Mimi ndiye katibu."

"Mmeandika vizuri sana," akasema, na sijawahi kusifiwa nikaumia vile. Halafu akaeleza taratibu, kwamba kiharusi cha namna ile, picha ya kichwa ikionyesha mshipa umeziba tu, haujapasuka, kuna dawa ya kuuzibua wangeijaribu. Lakini dawa hiyo ina saa zake, na saa zake zilipita tukiwa hapo hapo hemani. Angetuona saa moja nyuma angeijaribu. Angetuona kabla ya nyungu angeijaribu kwa moyo mweupe. Hakunitazama aliposema nyungu. Alifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili.

Mjumbe hakufa. Alilazwa wiki tatu, akarudi na bajaji ile ile, amekaa juu ya tembo wake. Kamati ikafanya kikao kumpongeza na kujipongeza, ikaazimia kwamba nyungu imethibitika. Mzee wa nyumba ya tano alitoa hoja, wengine wakaunga mkono. Niliandika, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kisha nikajiuzulu kwa mdomo. Ukurasa wa Jumamosi ile ulibaki hauna saini ya mtu. Nikaufungia kabatini chini ya vipande vya kitenge, nikajiambia kwa utaratibu wake ni porojo.

Mguu wa kulia anauburuta, mkono wa kulia anauweka mfukoni kama mtu anayeficha kitu. Maneno yalikwenda yote. Mtu aliyezungumza miaka sabini bila kituo alibakiwa na neno moja, na mtaa mzima ulingoja kusikia ni lipi, wengi tukiamini litakuwa "bado."

Likawa "sawa."

Sawa ya kuuliza, sawa ya kukasirika, sawa ya kutaka maji. Mkewe anajua zote. Alipendekezwa mtu mwingine ashike ujumbe, lakini hakuna aliyeutaka, hivyo ukabaki kwake, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sasa unakuja na barua yako, unaiweka mbele yake, anaivutia kwake kwa mkono wa kushoto, anaisoma au anaitazama, anasema sawa, anagonga. Unatumia dakika tatu. Kopo halina kufuli, maana ile kamba iliyokatwa mkewe aliitupa pamoja na ufunguo, akasema hataki kuiona tena kwenye shingo ya mtu. Watu wanavuka kutoka nyumba kumi za wengine kuja kwake. Nimesikia wakisema hakujawahi kuwa na mjumbe mzuri kama huyu, na wanasema kwa moyo safi, na mimi nikisikia hivyo huwa naingia ndani kushona.

Mwezi uliopita binti yangu alihitaji barua ya kufuatilia kitambulisho chake. Ningeweza kumtuma mwenyewe. Nikabeba na daftari, nimelifunga kwenye kanga.

Nilimkuta barazani peke yake, koti juu ya singlendi. Ile ndoo ya koki iko pembeni, imepandwa mchicha. "Shikamoo, Mjumbe." Akanijibu kwa sawa yake ya marahaba. Nikaiweka barua ya binti yangu mezani, na juu yake nikaweka daftari, limefunguliwa pale pale.

"Mjumbe, siku ile uliyougua, walikwambia tulikukimbiza hospitali," nikasema. "Hatukukukimbiza. Tulikukalisha. Mie nilikushikisha kalamu mara tatu usaini kibali chako, na barakoa iliyokufunika mdomo nimeshona mie. Kila kitu kimeandikwa humo. Yule daktari alisema tungewahi angejaribu, labda ungekuwa unasema sasa hivi. Sijawahi kukwambia. Naona aibu, Mjumbe. Nimekuwa nikikukwepa mpaka dukani."

Alivua miwani kwa mkono wa kushoto. Akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Halafu akausoma ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama kilivyoshuka kile cha daktari, ila polepole zaidi. Kilisimama kwenye nyungu, na nadhani alicheka, bega lilitikisika. Kilisimama tena kwenye kalamu. Hapo kilikaa sana. Nilikuwa nalia waziwazi, na wapita njia wanatuona, wakidhani labda nimenyimwa barua.

Alifungua kopo, akatoa muhuri, akaugonga chini ya mstari wa mwisho. Kwa mkono ule wa kushoto tembo alitoka amelala chali. Pembeni yake akaweka alama ya kalamu, mkunjo mmoja uliokwenda juu, saini ya mwenyekiti. Nikanyoosha mkono kulichukua daftari. Akalizuia. Aligonga kwa kidole nafasi iliyobaki, ya katibu.

"Siwezi, Mjumbe."

Akanipa kalamu. Haikukaa vidoleni, ikabingiria mpaka chini ya meza. Mjumbe akajishika ukutani, akainama kwa taabu, upande mmoja kwanza, akaiokota, akanirudishia mkononi, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake. Ikanitoka tena. Akainama tena. Nilitaka kumzuia, tayari ameshainama. Aliporudi juu alikuwa anahema, kalamu iko kiganjani kwake, na aliniangalia kwa macho yale yale ya juu ya kitenge, ambayo sasa niliyaona na mdomo wake chini yake, umepinda, haujafunikwa na kitu.

Mara ya tatu nikasaini.

"Sawa," akasema, akaivuta kwake barua ya binti yangu.